Mkuu, usiwafungulie kompyuta kwanza!

Huo mpango wako wa somo la kutengeneza slaidi, ufute kabla ya Jumatatu. Kidato cha Pili, vipindi viwili vya dakika 40, halafu unaanza na "kila kundi lichague templeti inayowavutia wapate hamasa"? Hamasa wataipata, tena ya kupitiliza. Kazi ndiyo hutaiona.

Wangu niliwapa mmomonyoko wa udongo Kondoa. Mada tamu: mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza 1973, mifugo kuondolewa 1979, makorongo, kila kitu kipo. Kipindi cha kwanza chote kikaishia kwenye rangi. Kundi moja liligombania fonti mpaka wawili wakahama meza. Jingine likagundua maandishi yanaweza kuingia yakizunguka kama feni, basi tena. Kipindi cha pili ndipo wakakumbuka kuna maudhui, wakanakili aya nzima mtandaoni wakabandika. Siku ya kuwasilisha mkuu wa shule naye kaja, kakaa nyuma. Nikauliza, "Kwa nini mifugo iliondolewa?" Mtoto akatugeuzia mgongo, akasoma slaidi yote ukutani, akamalizia na "asanteni kwa kunisikiliza". Makofi! Mimi nikawa nainama kutafuta waya wa projekta ambao haukuwa umepotea.

Na yule mwezeshaji wa semina aliyetuambia "anzeni na mwonekano, maudhui yatafuata", mpaka leo nayasubiri. Posho yake haikusubiri.

Sasa kwangu hagusi mtu kompyuta kabla hajanionyesha karatasi. A4 moja, ikunje katikati mara tatu, unapata visanduku vinane. Kila kisanduku sentensi moja kamili, na chini yake ushahidi mmoja: namba, picha au ramani. "Sababu za mmomonyoko" hiyo siyo sentensi, rudi ukakae. "Mifugo iliondolewa Kondoa mwaka 1979 ili uoto upate kurudi", hapo tunaongea. Anieleze bila kuchungulia. Akishindwa, bado.

Kipindi cha kwanza ni kalamu tu. Cha pili wachape kwenye Outline ya PowerPoint, ule mwonekano wa maandishi matupu: Enter baada ya kichwa inaleta slaidi mpya, Tab inashusha maelezo chini ya kichwa. Slaidi nyeupe, maandishi meusi. Watanuna. Waache wanune, watakuwa wananuna huku wanachapa.

Hilo la watumie programu ipi, Canva au PowerPoint, ulilouliza, tutaongea ukishaninunulia soda. Kachukue rimu ya karatasi kwanza.