Kuumia kazini: asiishie kwenye laki mbili za boss

Mkuu, umesema mdogo wako kakatwa vidole viwili na mashine kiwandani huko Igogo, Mwanza, boss kampa laki mbili eti yaishe. Aisee pole yake. Mi mwenyewe mkono wa kushoto uliingia kwenye mashine ya kuchuna ngozi ya sangara 2019, kiwanda sikitaji.

Kwanza asisaini kitu. Mi nilisaini nikijua napokea hela ya nauli kumbe pale chini wameandika sina madai tena, ile karatasi ilinitesa miezi mitano.

Hela yenyewe iko WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Anachangia mwajiri peke yake, wewe hukatwi hata mia, ndo maana kwenye salary slip hauonekani na wengi hatujui kama upo, japo ulianza kazi Julai 2015. Wanalipa matibabu, na muda ambao hawezi kufanya kazi wanampa asilimia 70 ya mshahara, mwisho miezi 24. Akishapona ndo daktari anampimia asilimia ya ulemavu, ikizidi 30 ni pensheni ya kila mwezi, isipozidi wanampa mkupuo, yaani hela yote mara moja. Mi nilipata 14, nikachukua mkupuo nikaongezea kidogo nikavuta bodaboda, hapa Kirumba ndo inanilisha. Madai yaingie ndani ya miezi 12 tangu aumie, na mwajiri akikausha kutoa taarifa aende mwenyewe ofisini kwao na vyeti vya hospitali, asimsubiri.

Halafu watu wanachanganya na NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii unaokatwa kwenye mshahara. Ile ya ulemavu ya NSSF ni hata kama hukuumia kazini, mfano baba yangu mdogo alipooza usiku amelala, hapo WCF haihusiki kabisa, ila alikuwa na michango ya miezi zaidi ya 36 na mwaka ule wa mwisho ilikuwa imeingia yote, akapita. Sasa kama boss wako anakukata halafu hapeleki utajua siku hiyo hiyo ya kulia, cheki michango yako mapema.

Likizo ya ugonjwa nayo ipo, siku 126 kwenye mzunguko wa miaka mitatu, 63 za kwanza mshahara mzima, 63 zinazofuata nusu.

Na muulize kama ana mkopo benki. Mikopo mingi ya mshahara ina bima ya kifo na ulemavu wa kudumu, akasome mkataba, kwa vidole viwili sidhani kama itakubali ila kuuliza bure.

Ana barua ya ajira au ni kibarua wa kusaini daftari getini? Maana kama ni kibarua aanze kukusanya ushahidi leo, picha ya daftari, meseji za supavaiza, miamala ya malipo kwenye simu.