Rezidenti wa upasuaji na skopu: jibu langu

Mkuu, umeuliza kama wewe rezidenti wa upasuaji, yaani daktari unayesomea ubingwa, una sababu ya kuhangaika na endoskopi, kuchungulia ndani ya mfumo wa chakula kwa skopu, mpira mrefu wenye kamera, wakati mabingwa wa mfumo wa chakula wapo. Sababu unayo. Wagonjwa wa saratani ya umio ukanda huu unawajua: anafika Dar akiwa ameacha ugali, akahamia uji, na sasa hata maji yanarudi. Ukimwangalia mwenyewe unajua uvimbe umeanzia sentimita ngapi kutoka kwenye meno, na kama ni wa kukata au wa kuwekewa stenti, kibomba cha kupanua njia, ameze. Karatasi ya mwenzako haikuonyeshi yote hayo.

Mimi nilianza na kiburi. Nilishaunga matumbo ya watu, mpira wenye kamera unishinde? Mkono wa kushoto ukaniumbua. Dole gumba liko kwenye gurudumu kubwa, ncha ya mpira ipande au ishuke, vidole viwili vinasubiri vitufe vya hewa na kufyonza, na mkono wa kulia, huo tunaoringia thieta, kazi yake ni kusukuma na kuzungusha mpira basi. Wiki nzima nilikuwa naona wekundu tu, maana nimegandia ukuta wa tumbo.

Kolonoskopi, ile ya utumbo mpana kupitia njia ya haja kubwa, ndiyo ilinitoa jasho. Ukisukuma, mpira unajikunja kitanzi kwenye sigmoidi, ile kona ya mwisho ya utumbo mpana, mgonjwa analia, na picha haisogei. Wakati mwingine inarudi nyuma kabisa. Dawa ni kuvuta. Vuta huku unazungusha kulia, utumbo unajikusanya wenyewe juu ya mpira. Ukifika sikamu, mwanzo wa utumbo mpana, skopu ikiwa imenyooka, alama zake zitasoma kama sentimita 70 hadi 80. Ikisoma 120, una kitanzi. Na usiseme umefika mpaka umeona mdomo wa kidoletumbo.

Kuhusu idadi: Marekani bodi ya upasuaji inadai angalau OGD (skopu ya umio na tumbo kupitia mdomoni) 35 na kolonoskopi 50, na wanaohitimu kuanzia 2018 waliwekewa na mtihani wa endoskopi. Wenzao wa tumbo wanaona 50 ni mzaha, na kwa kweli kolonoskopi yangu ya hamsini ilikuwa bado aibu. Usiandike tu "nimefanya". Andika ulifika wapi, dakika ngapi, na nani alikupokonya mpira amalizie yeye.

Halafu jifunze kuosha skopu. Madaktari wengi wanakimbia hapo. Sehemu moja niliyopita, mgonjwa aliingizwa bila kile kizuizi cha mdomoni, akaung'ata mpira. Aliyekuwa ameshika ni mimi. Hatukujua umetoboka mpaka sista, kabla ya kuuosha, alipoupima uvujaji kwenye beseni la maji na mapovu yakatoka. Skopu ilikuwa moja tu, ikasafirishwa nje kutengenezwa, na kwa miezi kadhaa foleni yetu yote ikawa ya kuandikiwa rufaa.

Kwa hiyo fika kabla ya saa moja asubuhi, msalimie sista, muombe akufundishe kupima uvujaji. Mpira utaushika baadaye.