Re: Bodi ya ko-opu yetu Bronx inataka kutoa boila la mafuta iweke la gesi ili tumalizane na LL97, nipige kura ya ndiyo?

Usipige. Alhamisi kikaoni omba iahirishwe, jifanye unaumwa, mwaga chai juu ya mkataba, fanya lolote ila ile karatasi isisainiwe. Maneno ya huyo kontrakta wenu nayajua moja baada ya jingine, ndiyo hayo hayo niliyouziwa mimi mwaka 2021 huku Queens, na mpaka leo wenye hisa wa jengo letu wanayalipia kila mwezi na wakinikuta kwenye lifti wanaangalia simu zao.

Kwa wanaopita tu: mleta mada yuko Bronx, New York, kwenye bodi ya ko-opu, yaani jengo ambalo hununui nyumba bali unanunua hisa za kampuni inayolimiliki, kwa hiyo jengo likipigwa faini mmepigwa wote. Jengo la zamani la kupashwa joto kwa mvuke, futi za mraba kama 60,000, boila linachoma mafuta namba 4, yaani mafuta mazito ya kupashia joto. Kontrakta kawaambia wakiweka boila jipya la gesi "mmemalizana na LL97", yaani sheria ya jiji inayobana hewa ya ukaa ya majengo. Kauliza na mengine, sola kwenye paa, herufi D ya matumizi ya nishati iliyobandikwa mlangoni, na kama sheria yenyewe inaweza kufutwa. Nianze na boila, hayo mengine nitayafikia.

"Mmemalizana." Hilo neno ndilo lililotumaliza sisi.

LL97 ilipitishwa na jiji la New York mwaka 2019 na inabana majengo yanayozidi futi za mraba 25,000. Kila jengo limewekewa ukomo wa hewa ya ukaa kwa mwaka, ukizidisha unalipa dola 268 kwa kila tani iliyozidi, mwakani tena, na mwaka unaofuata tena, mpaka ujirekebishe. Sasa sikiliza hapa maana ndipo tulipoingizwa mjini: ukomo siyo mmoja. Upo wa 2024 hadi 2029, halafu upo wa 2030 hadi 2034, na kwa majengo ya kuishi watu huo wa pili ni kama nusu ya ule wa kwanza. Wa kwanza ni tani 0.00675 kwa kila futi ya mraba, wa pili ni 0.00335 hivi. Kwa jengo la futi 60,000 maana yake leo mnaruhusiwa tani 405, mwaka 2030 mnaruhusiwa 201.

Kontrakta wetu alikuja na slaidi nzuri kweli, za rangi, akiwa na mtu aliyemtambulisha kuwa ni "mshauri wa nishati", shati jeupe, tablet mkononi, anatamka "dikabonaizesheni" kama jina la mtoto wake. Kwenye slaidi kulikuwa na safu moja tu ya namba. Moja! Ya 2024. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina, nina cheti cha uhasibu kimetundikwa sebuleni kwenye fremu, na sikuuliza safu ya pili iko wapi. Nikauliza rangi ya boila (utani huo, lakini siyo sana).

Nikuwekee hesabu kwa namba za mviringo zinazofanana na za jengo letu, na nadhani na lenu pia. Tuseme mnachoma nishati ya themu 50,000 (themu ni kipimo cha joto) kwa mwaka kwa joto na maji ya moto, na umeme wa jengo zima ni yuniti 250,000. Nasema jengo zima, ukiwemo wa ndani ya nyumba za watu na wale wanaojilipia bili wenyewe, sheria inauhesabu wote, hilo nalo hakuna aliyetuambia. Kwa hesabu za jiji themu ya mafuta namba 4 ni kilo 7.5 za ukaa, ya gesi ni kilo 5.3, na yuniti ya umeme kwa sasa ni gramu 289.

Mkibaki na namba 4: mafuta tani 376, umeme 72, jumla kama 449. Mmezidi 44, faini kama dola 11,700 kwa mwaka.

Mkienda gesi: 266 kujumlisha 72, ni 338. Mko chini ya 405, mmepita, makofi, kontrakta anafunga tablet.

Ikifika 2030 umeme unahesabiwa kwa gramu 145 kwa sababu jiji linatarajia gridi iwe safi zaidi, lakini gesi ni gesi, inabaki vile vile. 266 kujumlisha 36 ni 302. Mnaruhusiwa 201. Mmezidi tani 101, zidisha 268, ni dola elfu 27 kila mwaka. Yaani boila jipya kabisa, linang'aa, na faini imezidi mara mbili ile mliyokuwa mnaikimbia!

Na sisi tulikopa karibu nusu milioni ya dola kwa ajili ya hilo boila, bomba la gesi na kuvalisha dohani upya. Mkopo unaisha 2036. Kwa hiyo kuna miaka tutakuwa tunalipa deni la boila na faini ya boila hilo hilo kwa pamoja. Boila la namna hiyo linaishi miaka 25, 30, hulitupi eti kwa sababu umegundua umepigwa.

Nilipompigia yule mshauri kumuuliza kuhusu 2030 akanijibu "sheria zinabadilika bosi, tutaona". Tutaona nani? Yeye ataona akiwa wapi? Baadaye ndiyo tukaja kujua analipwa kamisheni na kontrakta kwa kila boila. Mtu anayekula kwa boila atakuambia usinunue boila? Na kikao kikianza kuuliza maswali alikuwa na silaha moja, anatutishia na sheria ya joto, kwamba kuanzia Oktoba mosi hadi Mei 31 jiji linataka nyumba iwe na digrii 68 za Farenhaiti mchana nje ikishuka chini ya 55, na boila la zamani likifa Januari mtaandikiwa kosa na jiji. Kweli kabisa hiyo. Ila boila letu halikuwa linakufa, lilikuwa linakohoa tu, sawa na mimi baada ya ngazi tatu.

Sasa kilichoniuma kuliko pesa ni hiki. Jengo letu halikuwa na shida ya boila. Lilikuwa na shida ya mvuke kwenda usikotakiwa. Jiangalie na ninyi: je, watu wa ghorofa za chini wanafungua madirisha Januari huku wa juu mwishoni mwa korido wanapiga simu kwa supa, yaani msimamizi wa jengo, kwamba rejeta, lile chuma la kutoa joto chumbani, ni ya baridi? Kama ndiyo, mabomba yenu makuu hayapumui. Hewa inakaa ndani, mvuke unachelewa kufika mwisho, supa anaongeza muda wa boila ili yule wa mwisho apate joto, na wa karibu wanachemka, wanafungua dirisha, mnapasha joto barabara ya Grand Concourse. Ukiweka boila jipya juu ya mfumo wa hivyo, umeongeza tu ubora wa kupasha joto barabara.

Dawa yake ni vitu vya aibu jinsi vilivyo rahisi. Vali kubwa za kutoa hewa mwisho wa mabomba makuu na juu ya yale yanayopanda, kuvisha mabomba yote ya basementi, kukarabati trapu za mvuke (vidude vinavyotoa maji na kuzuia mvuke) kama mfumo wenu una trapu, vali za themostati kwenye rejeta, na sensa za joto ndani ya nyumba kadhaa ili boila lizime kwa joto la ndani halisi badala ya kuangalia hali ya hewa ya nje peke yake. Hata sheria yenyewe inayataja haya kwenye orodha ya hatua 13 kwa majengo yenye wapangaji wa kodi inayodhibitiwa na ko-opu za HDFC, zile za watu wa kipato cha chini. Halafu, hapo hapo kabla sijasahau, ko-opu yenu ni HDFC? Bronx ziko nyingi. Kama ni HDFC njia yenu ni tofauti kabisa, mnaruhusiwa kufuata hizo hatua 13 badala ya hesabu za tani, na huyo kontrakta kama hajawauliza hilo swali mfukuzeni leo.

Rudi kwenye hesabu uone maajabu. Najua namba 4 hamuwezi kubaki nayo, jiji limeipiga marufuku kuanzia Julai 2027, na hapo ndipo kontrakta anawabana shingo. Lakini kuacha namba 4 siyo lazima kununua boila! Namba 4 ni mchanganyiko wa mafuta mazito na namba 2, na mara nyingi bana (kichomeo cha boila) iliyopo inarekebishwa ichome namba 2, gharama yake hata haifanani na boila jipya. Kwa namba 2 mko tani 371 na umeme 72, ni 443. Mmezidi kidogo. Mkipunguza mafuta asilimia 10 na ushee tu mko chini ya 405 bila kununua boila, bila mkopo, na mmebaki na miaka ya kupanga 2030 vizuri. Asilimia 10 kwenye jengo linalofungua madirisha Januari? Aisee. Sisi tulipokuja kufanya hizi vali na sensa, tumeshachelewa, tumeshalipia boila, matumizi yalishuka kiasi kwamba lile boila sasa ni kubwa mno, linawaka dakika chache linazima, linawaka linazima, na hiyo nayo inalizeesha.

Maana hilo ni kosa jingine ndani ya kosa. Walisoma kibao cha boila la zamani wakaleta saizi ile ile. Boila la mvuke hupimwa kwa rejeta zilizopo, mtu anapita nyumba kwa nyumba anazihesabu na kuzipima. Hakuna aliyepita. Na maji ya kuoga tukayaacha kwenye boila hilo hilo, kwa hiyo Julai, joto la kufa mtu, li-boila la jengo zima linanguruma ili mzee wa 4C aoge.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitaipigia kelele kila uzi: hakuna kusaini boila kabla ya kuona hesabu ya 2030 kwa maandishi, imesainiwa na injinia mwenye leseni ambaye hauzi boila na halipwi na anayeuza. Siyo slaidi, siyo "usijali bosi". Iwe na tani za 2024, tani za 2030, na kila mstari uoneshe matumizi yatakuwaje baada ya mabomba na vali kurekebishwa. Kwa jengo la mfano wangu, kufika 2030 kwa gesi unatakiwa ushushe hadi themu kama 31,000, karibu asilimia 40 chini. Kama injinia anaona haifikiki kwa mvuke, basi aseme mapema ni kipi kitahamia kwenye umeme, labda maji ya moto kwanza kwa pampu za joto (mashine za umeme zinazovuta joto la hewani), na mpange hela kwa huo mpango. Pa kuanzia bure ni NYC Accelerator, ni mpango wa jiji, wanawasaidia bodi kusoma hizi namba bila malipo. Sisi tulikuwa hatujui hata kama upo, tulikuwa bize na slaidi.

Hayo mengine. Herufi D ni hesabu nyingine, inatokana na alama za matumizi ya nishati, kati ya 100, chini ya 55 ni D, unaweza kuwa na D na ukapita LL97 kwa sasa au ukawa na B ukafeli 2030, usichanganye. Sheria kufutwa, msahau: Mahakama ya Rufani ya jimbo Mei 2025 iliikataa hoja ya kesi ya Glen Oaks Village kwamba sheria ya jimbo inaizidi hii ya jiji, na wale ni ko-opu kubwa ya Queens, walikuwa na mawakili, siyo sisi na katibu wetu. Ripoti inatakiwa kila Mei mosi na kutopeleka ni senti 50 kwa futi kwa mwezi, kwa jengo lenu ni dola elfu 30 kwa mwezi, kwa hiyo hata mkigombana kuhusu boila ripoti iende.

Sola uliuliza nini sijui, paa lenu lina tangi la maji na sisi letu lina tangi, sijawahi kufika huko, wengine watakujibu.

Mwombe kontrakta hiyo karatasi ya 2030 kabla ya Alhamisi. Akileta, ipige picha uiweke hapa, futa jina la jengo, tuikague wote. Asipoileta pia tuambie alijibu nini, nataka kujua kama bado anasema "tutaona".