Kabla ya kuuliza bei ya drili, uliza bei ya betri

Juzi kijana ninayefanya naye kazi za jipsamu alinitumia picha tatu za drili za betri. Moja Makita, moja Ingco, ya tatu jina lake sijawahi kulisikia. "Bro, nichukue ipi?" Nikamjibu kwa swali: dukani wanauza betri yake peke yake? Shilingi ngapi? Kimya. Hakuwa ameuliza. Na mimi simlaumu, maana mimi mwenyewe mambo ya betri na chaja yameniumiza mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Kariakoo. Boksi jeusi, drili moja, betri mbili, biti zimejaa humo ndani kama njiti za kiberiti, yote kwa 95,000. Rangi imeigwa kampuni kubwa ya Japani, na ubavuni mwa betri imeandikwa 48V kwa maandishi makubwa. Nikapiga hesabu zangu: kama wakubwa wenyewe wanauza za 18V, hii ya 48V si itakuwa na nguvu karibu mara tatu? Nikajiona mjanja kweli.

Wiki hiyo hiyo nikapata kazi Mbezi, kufunga mabomba ya pazia madirisha sita. Dirisha la kwanza likaenda vizuri, tofali laini. La pili biti ikaingia sentimita moja kwenye linta, ile zege ya juu ya dirisha, ikagoma. Drili inalia, haiendi mbele. Nikaisukuma kwa bega. Ikaanza kunuka, nikabadilisha betri, nayo ikazima baada ya tundu moja. Mimi niko juu ya ngazi, vumbi la zege machoni, mama mwenye nyumba amesimama chini na kikombe chake cha chai. "Fundi, nikuazimie ya waya kwa jirani?" Nilimaliza kazi kwa drili ya jirani.

Usiku nikaifungua ile betri kwa bisibisi. Ndani nikakuta seli tano. Seli moja ya lithiamu, zile nene kama kidole gumba, inahesabiwa volti 3.6. Ukizipanga tano mfululizo unapata 18. Zikijaa chaji kabisa kila moja inafika 4.2, jumla 21. Basi. Ukitaka 48 unahitaji seli kama 13, na betri ya namna hiyo isingekaa kwenye mkono wa drili ndogo vile.

Hapo ndipo nilipoelewa mchezo wa namba. Drili iliyoandikwa 18V, 20V na 21V mara nyingi ni kitu kimoja, seli tano zile zile. Mwenye 18 anahesabu ya kawaida, mwenye 20 au 21 anahesabu ikiwa imetoka kwenye chaja. Hata DeWalt, betri wanayoiita 20V Max kule Marekani, Ulaya wanaiita 18V. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ya 21 ina nguvu kuliko ya 18, kaka," mwache amalize, kisha uangalie nguvu ya kuzungusha, ile inayoandikwa Nm.

Mara ya pili nilitumiwa zawadi. Ndugu yangu aliyeko Marekani alinipa drili ya maana, mashine nzuri mpaka leo naisifia. Nikachomeka chaja ukutani, ikalia pa! Taa ikazima. Chaja ilikuwa ya volti 120 na umeme wetu ni 230. Maandishi yalikuwepo pale nyuma, mimi ndiye sikusoma. Nikazunguka mitaa ya Gerezani, Dar, siku mbili natafuta chaja yake, sikupata, na betri zake pia hazikuwepo. Hadi leo imetundikwa ukutani, na wageni huiulizia.

Sasa kuhusu majina. Kama drili ndiyo inayokulisha kila siku na mfuko unaruhusu, Makita ya 18V. Mfumo wao huo ulitoka 2005, na betri ya sasa bado inaingia kwenye mashine zao nyingi za zamani: grainda, jigsoo, hata tochi na redio. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ndiyo inayoigwa kuliko zote, kwa hiyo nunua kwa mtu mwenye duka na risiti. Ukiona Makita ya 48VF au 88VF, hizo ni namba za kubuni kama ile 48V yangu, wewe songa mbele. Bosch ni nzuri, ila jua kwamba ziko mbili: ya bluu ni ya mafundi, ya kijani ni ya matumizi ya nyumbani, na betri za 18V za hizo mbili haziingiliani. Kuna mtu nilimwona amenunua betri ya kijani kwa drili ya bluu. Nilimwonea huruma.

Mimi mwenyewe natumia Ingco. Si kwamba inaishinda Makita, haiishindi. Ila betri yake nimeikuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi Tegeta na Mbagala pia, na ikifa Jumatatu asubuhi, mchana niko kazini. Drili za kampuni ya Total nazo nimeziona hivyo hivyo. Kwangu hilo linazidi Nm kumi za ziada.

Kuhusu ukubwa wa betri, kwa kazi za dari nachukua mbili za 2.0Ah kuliko moja ya 4.0Ah (Ah ni kiasi cha chaji ambacho betri inabeba). Ya 4.0 kwa kawaida ina seli kumi, na mkono ukikaa juu ya kichwa kwa saa nne, uzito wake utauhesabu seli kwa seli. Moja ikifanya kazi, nyingine inachaji, kama saiti ina umeme. Kama haina, chaji nyumbani na ubebe tatu.

Injini isiyotumia kaboni, ile inayoandikwa Brushless, ni bora, ukiweza ongeza pesa. Alama ya nyundo kwenye drili ndogo inatosha tofali, zege haitoshi. Kwa linta na nguzo tafuta mashine ya SDS, ile drili ya nyundo nzito ya kutobolea zege. Nikisema kweli, pale Mbezi hata drili orijino ya 18V ingehangaika. Kosa moja lilikuwa la drili, lingine langu.

Halafu jua. Betri ya lithiamu haipendi joto, na watu wanaiacha kwenye boksi la bodaboda saa sita mchana Dar hii hii. Ikitoka kazini ya moto, iache ipoe kabla ya kuichomeka.

Yule kijana alirudi jana jioni na bei. Betri ya Makita akaiona ghali, ya Ingco akaikubali. Duka lenye ile ya tatu walimwambia, "Betri zake haziji peke yake, ikifa unanunua drili nyingine." Amefuta ile picha. Zimebaki mbili, anasubiri malipo ya kazi ya Kimara.