Rafiki ameniletea vidonge vya bakteria

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 34, na huu ni mwaka wa tatu nikiugua utumbo mpana. Niliambiwa una vidonda na uvimbe unaokuja na kuondoka, nikaandikiwa mesalazini. Tangu mwaka jana sijaona damu chooni. Sasa rafiki yangu ameniletea kopo la vidonge vya bakteria wazuri, anasema vitaniponya kabisa. Niache dawa za hospitali?
Msomaji aliyechoshwa na dawa

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache. Nalitanguliza hilo kwa sababu mgonjwa wangu mmoja aliacha kimyakimya. Alirudi akienda choo mara kumi kwa siku, damu tupu.

Rafiki yako hakukosea yote. Utumboni mwetu wamo bakteria wanaokula nyuzinyuzi tusizoweza kuzisaga wenyewe, wakatoa butireti. Hiyo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana, tena hutuliza kinga ya mwili isishambulie hovyo. Mmoja wao, Faecalibacterium prausnitzii, hupungua kwa wagonjwa wengi wa Crohn, ugonjwa ulio ndugu na wako. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa anapunguza uvimbe kwa panya. Ila oksijeni humuua kwa dakika chache. Haya, mtie koponi tuone!

Anayekubali kufungashwa ni Escherichia coli Nissle 1917. Daktari Mjerumani, Alfred Nissle, alimtoa kwenye kinyesi cha askari wa Vita Kuu ya Kwanza aliyebaki mzima wenzake wakihara. Jaribio lililochapishwa mwaka 2004, lenye wagonjwa 327 wa vidonda vya utumbo mpana, lilimlinganisha na mesalazini kwa mwaka mzima, na katika kuzuia ugonjwa usirudi wakakaribiana sana. Lakini angalia: wagonjwa wale walianza wakiwa wametulia, kama wewe leo. Hapo ni kulinda utulivu, si kuponya kabisa. Na matokeo hayo ni ya bakteria huyo peke yake. Hayarithiwi na kila kopo lenye neno “bakteria”.

Kwa hiyo soma lebo. Ikiwa imeandikwa lactobasili tu, yaani bakteria wa jamii ya wale wa maziwa mgando, bila namba ya aina yake, mimi nisingeibadilishia hata kidonge kimoja cha mesalazini. Ikiwa ni Nissle, mpelekee daktari wako kopo lenyewe mkazungumze, na umtajie dawa zote unazotumia, hasa zinazoshusha kinga. Kisha niandikie umekuta jina gani.