Wanunuzi wa melini na mbinu za kuwauzia: majibu kutoka nyuma ya kaunta

Ndugu mleta mada, hongera kwa mkataba wa kuuza duka kwenye meli ya kitalii. Umeuliza mambo mawili: wanunuzi wa kwenye meli za kitalii wana tabia gani, na kama ni kweli, kama alivyodai mchangiaji mmoja kabla yangu, kwamba mbinu za mauzo katika maduka hayo ni utapeli mtupu uliopambwa kwa zulia na taa. Nimefanya kazi hiyo kwa mikataba minne, miwili katika Bahari ya Karibi na miwili Mediterania, nikaanzia kaunta ya manukato na kuishia kwenye vito na saa za mkononi. Nitajibu kwa niliyoyaona mwenyewe, na pale tulipokuwa tunakosea nitasema tulikosea.

Mafunzo utakayopewa mwanzoni yatahusu zaidi namna ya kuzungumza na mteja. Ni mazuri, lakini kinachouza melini hasa ni siku. Mteja wa uwanja wa ndege ana dakika 20 na hutamwona tena maishani, ilhali wa melini utamwona siku saba au zaidi mfululizo: atapita mbele ya mlango wako akienda kula, akirudi kutoka ukumbi wa maonyesho, akimtafuta mwenzake, au akikimbia mvua iliyomtoa kwenye bwawa la kuogelea. Meli husanifiwa hivyo kwa makusudi. Maduka huwekwa katikati, kwenye njia inayounganisha ukumbi wa chakula, kasino na jukwaa la burudani, na tangu Voyager of the Seas ilipoanza safari mwaka 1999 ikiwa na barabara nzima ya maduka na baa ndani ya tumbo lake, abiria wa meli kubwa amezoea kuishi kama mtu aliyepanga chumba juu ya soko. Kwa sababu hiyo, mauzo makubwa niliyowahi kufanya karibu yote yalitokea mteja alipokuja mara ya tatu au ya nne. Mara ya kwanza huja kuangalia bei, na atakwambia wazi kwamba anapita tu. Mwamini. Muuzaji mgeni anayemrukia usiku huo wa kwanza humfundisha kupita upande wa pili wa korido kwa wiki nzima.

Saa za kazi zitakushangaza. Maduka hufungwa meli ikiwa bandarini, kwa sababu bidhaa huuzwa bila ushuru kwa kuwa tumetoka katika eneo la forodha la nchi yoyote. Ukifunga kamba gatini, nchi hiyo ina haki ya kudai kodi yake. Mediterania mambo yana utata zaidi, kwa kuwa mauzo bila ushuru kwa wasafiri wa kutoka nchi moja ya Umoja wa Ulaya hadi nyingine yalikomeshwa tarehe 1 Julai 1999, kwa hiyo ratiba ya vituo ndiyo inayoamua kama chupa ile ile ya manukato itatozwa kodi wiki hii na kusamehewa wiki ijayo. Jifunze kulieleza hilo kwa sentensi mbili, maana utaulizwa kila siku. Jambo la kuvutia ni kwamba kufungwa kwenyewe kunasaidia biashara: mtu aliyekuta pazia limeshushwa mchana kutwa huingia jioni kana kwamba alikuwa na miadi.

Siku ambazo meli haigusi bandari yoyote ndizo siku za mavuno. Abiria hana pa kwenda, jua limemchosha, na bado zimebaki saa mbili nzima kabla ya chakula kingine. Usiku wa mavazi rasmi nao ni wa vito, kwa kuwa watu wamevaa vizuri, wamepigwa picha, na kila mmoja anajitazama kwenye vioo kuliko kawaida.

Hapo nikupe mfano mmoja. Mama mmoja wa makamo aliingia usiku wa kwanza na mumewe, akajaribu pete ya tanzanaiti, akaivua, akasema wataona. Baada ya wao kutoka niliandika kwenye daftari langu dogo kipimo cha kidole, pete aliyoigusa, na kwamba mume alisimama akiegemea nguzo huku akitazama saa. Siku ya pili niliomba kiti. Si kiti cha mteja, bali cha anayemsindikiza, na nilikiweka mahali ambapo angeona runinga ya ukumbini. Katika maduka ya vito mauzo mengi huvunjwa na miguu ya mtu wa pili. Mama alirudi mara nyingine mbili, na usiku wa mavazi rasmi alikuja na gauni la buluu nzito. Pete ilikuwa tayari kwenye trei ya mahameli, ile yenye ukingo ulioinuliwa ili meli ikiyumba mali isibingirike sakafuni. Sikusema neno kuhusu bei. Nilimuuliza tu kama kidole kimevimba kidogo kwa joto, kwa sababu kipimo chake kilikuwa kimeshabana juzi. Alinitazama, akamgeukia mumewe, akasema, “Huyu ananikumbuka.” Waliinunua. Mume alinishukuru kwa kiti.

Kwa kuwa nimetaja tanzanaiti, ujue utaiuza sana, hasa Karibi, na maneno utakayopewa yatakuwa kwamba inachimbwa mahali pamoja tu duniani. Hilo ni kweli: ni Mererani, kaskazini mwa Tanzania, ilikogunduliwa mwaka 1967, na kampuni ya vito ya Tiffany ndiyo iliyoipa jina hilo mwaka uliofuata. Yasiyosemwa ni kwamba sehemu kubwa ya mawe hayo hupashwa moto ili kutoa ile rangi ya buluu, jambo ambalo ni la kawaida na si aibu, na kwamba ugumu wake katika kipimo cha Mohs ni kati ya 6 na 7 wakati yakuti ina 9, kwa hiyo pete ya kuvaliwa kila siku jikoni na kazini itachubuka. Nilikuwa nasema yote mawili na kupendekeza hereni au kidani kwa mtu wa shughuli nyingi. Sikupoteza mauzo kwa kusema hivyo, ila mwenzangu mmoja alipenda kuongeza kwamba mgodi unakauka na jiwe ni uwekezaji ambao utapanda bei. Huo ndio mpaka ambao nisingependa uuvuke. Jiwe lililonunuliwa kwa bei ya rejareja ni pambo, na anayejaribu kuliuza tena hugundua hivyo mapema.

Sasa zile mbinu ambazo mchangiaji aliziita utapeli. Maarufu kuliko zote ni meza za dola 10. Tangazo hutoka kwenye ratiba ya kila siku inayosomwa na abiria wote, meza hupangwa ukumbini zikiwa zimefunikwa kwa vitambaa, na wauzaji husimama nyuma yake kimya wakisubiri saa ifike. Watu huanza kukusanyika kwa sababu wengine wamekusanyika. Vitambaa vikitolewa, mikono huingia kwa pamoja, na nimeona mtu mzima mwenye heshima zake akikumbatia mitandio mitano huku akimuuliza mkewe ni ya nani. Saa za mkononi na mitandio ya meza hizo haikuwahi kukaa kwenye rafu zetu kwa bei ya juu. Ililetwa kwa ajili ya meza hiyo tu. Kama tangazo linasema “kila kitu dola 10”, sioni kosa. Kama linaonyesha bei kubwa iliyokatwa kwa mstari mwekundu, na bei hiyo haikuwahi kutozwa mtu yeyote, huo ni uongo, na tuliufanya. Pia usidhani faida iko pale mezani. Meza huwekwa mahali ambapo foleni ya kulipia hupita mbele ya kabati za vito.

Binamu wa meza hiyo ni mkufu unaouzwa kwa inchi, yaani koili ya mnyororo uliopakwa dhahabu ambao hupimwa shingoni au mkononi mwa mteja na kukatwa mbele yake. Bei ya inchi moja huonekana ndogo, hesabu huja baadaye. Nilichojifunza hapo ni kwamba mtu akishapimwa hujiona kana kwamba ameshanunua. Ni wachache sana waliowahi kuniambia niache baada ya kuzungushiwa mnyororo. Eleza neno “umepakwa” kwa sauti inayosikika.

Droo za zawadi nazo zina sharti kwamba mshindi awepo, na kwa kawaida droo huchelewa. Katika kuchelewa huko ndipo watu hujaribu manukato. Bangili za bure ambazo abiria hukusanyia vipambo vyake katika maduka ya kila bandari hufanya kazi hiyo hiyo nchi kavu: anayefuata kipambo cha bure lazima aingie hadi kaunta ya mwisho kukichukua.

Kuhusu bandari, mara nyingi utakuta mshauri wa manunuzi anayetoa mhadhara na kugawa ramani yenye maduka yanayopendekezwa. Maduka hayo hulipia kuwemo. Si siri, huandikwa kwa herufi ndogo, lakini abiria wengi huamini meli imeyapima ubora. Ukiulizwa, sema ukweli na umwambie mtu asome masharti ya dhamana kabla ya kununua, hasa kwa saa za bei kubwa, ambako la kuuliza ni kama muuzaji ni wakala aliyeidhinishwa na kiwanda.

Tabia moja iliyonishangaza kuliko zote inahusu msamaha wa forodha, yaani thamani ya bidhaa ambazo msafiri anaweza kuingia nazo kwao bila kulipa ushuru. Kwa Mmarekani anayerudi kwao kiwango cha kawaida ni dola 800, na hupanda hadi dola 1,600 akipitia Visiwa vya Virgin vya Marekani. Mwingereza ana pauni 390 kwa bidhaa za kawaida, na anayeingia Umoja wa Ulaya kwa bahari ana euro 430. Viwango hivyo ni mipaka, lakini abiria huvichukua kama posho. Nimesikia mara nyingi mtu akisema, “Bado nina nafasi ya dola 300,” kwa sauti ya mtu anayeogopa kupoteza kitu. Hatukuhitaji kumshawishi, tulihitaji tu kuwa na kitu cha dola 280.

Halafu kuna kadi ya chumba. Hakuna noti inayotoka mfukoni melini. Kila kitu huandikwa kwenye akaunti, na hesabu kamili hukutana na mtu mwishoni mwa safari. Asubuhi moja ya kushuka nililetewa bwana aliyekuwa na hakika kwamba kadi yake imeibwa, kwa kuwa ilikuwa na manunuzi 14 ya dukani. Tulizipitia risiti moja moja, zote zikiwa na saini yake, na kufikia ya tisa alianza kucheka: pipi, fulana, betri, pipi tena. Hakuna aliyemdanganya, lakini kama angelazimika kufungua pochi mara 14, sidhani angefika hata nane.

Kuhusu bei, usijibu kwa jumla kwamba kila kitu ni nafuu. Pombe kali, sigara na manukato mara nyingi huwa na nafuu ya kweli, na pombe utaiuza lakini mteja ataipata usiku wa mwisho, kwa kuwa meli inataka anywe kwenye baa zake. Saa na miwani hutegemea. Mafuta ya kuzuia jua, dawa ya meno, chaja na vidonge vya maumivu ni ghali na hutaona punguzo lake kamwe, maana anayevihitaji hana duka jingine hadi kesho.

Kwa hiyo, kwa mchangiaji yule: mengi ya haya ni ufundi wa kupanga njia, muda na kiti. Utapeli niliouona ulikuwa bei za kubuni, hadithi za uwekezaji, na kumuuzia kidani mtu aliyetoka baa akiwa hawezi kusoma tarakimu. Hili la tatu humrudia muuzaji asubuhi, kwa sababu mteja bado yumo melini na wewe.

Kwako mleta mada, ukifika utapewa lengo la mauzo linalohesabiwa kwa kila abiria kwa kila siku, na utasomewa kwenye kikao kabla ya kufungua. Siku za bandari si za mapumziko kama wengi wanavyodhani. Kuna kuhesabu mali, kupokea mizigo na mazoezi ya usalama, kisha ndipo utashuka kama saa zimebaki. Nunua viatu laini na daftari linaloingia mfukoni. Na kabla ya kusaini, uliza kwa maandishi kama kamisheni ni ya mtu mmoja mmoja au inagawanywa kwa duka zima. Mimi sikuuliza katika mkataba wa kwanza, na mteja niliyemtunza kwa siku nne alikuja kulipa nikiwa kwenye zoezi la maboti.