Mashine ya sikio ikipiga mluzi, usimgombeze mtoto

*Shikamoo Shangazi. Mwanangu ana miaka mitatu, hasikii vizuri, alipewa mashine mbili za kuvaa nyuma ya masikio. Mwanzoni alitulia nazo. Sasa zinapiga mluzi kutwa, anazing'oa na kuzitupa. Bibi yake anasema nimpumzishe, tena anakataza ishara za mikono, eti atakuwa mvivu wa kusema. Nifanyeje? Mama wa Ujiji.*

Marahaba mwanangu. Huo si utundu. Mtoto aliyezizoea mashine kisha akaanza kuzing'oa, kuna kitu kinamkera, na mluzi ndio unaokuonyesha pa kutafuta. Sauti inavuja pembeni ya kile kipande kinachoingia sikioni, inarudi kwenye maikrofoni na kukuzwa upya.

Kivalishe upya huku ukivuta sikio juu na nyuma kidogo, kisha kibonyeze kwa kidole. Mluzi ukikoma hapo, sikio limekua na kipande kimebaki kile kile. Kwa umri wake hubadilishwa kila baada ya miezi michache. Usipokoma, ivue mashine, uzibe tundu la kipande kwa kidole gumba. Ikiendelea kulia, mpira unaounganisha kipande na mashine umepasuka, au mashine ina hitilafu. Ikinyamaza, huenda nta imejaa sikioni: mpeleke akaangaliwe, usimchokonoe kwa njiti. Sikio likitoa usaha, usimvalishe kabla hajaonwa na daktari.

Joto la huko na jasho la mtoto huacha matone ndani ya mpira, sauti ikakatika. Usiku fungua kidirisha cha betri, weka mashine kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mchele uache, una vumbi. Kipande kichomoe, kioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kikauke hadi asubuhi. Mashine yenyewe isiguse maji. Betri ukishaibandua kibandiko inaanza kuisha hata usipoitumia. Na akimeza betri, kimbilia hospitali saa ile ile, usisubiri aitoe chooni: ndani ya saa mbili tu inaweza kuunguza koo vibaya.

Asubuhi, akishavaa, kaa mita moja nyuma yake utamke sauti hizi moja moja, ukibadilisha mpangilio: *m, u, a, i, sh, s*. Kila akisikia atumbukize kizibo kwenye bakuli. Kama jana alisikia *s* na leo hasikii, anza kukagua betri na mpira.

Kumpumzisha mchana kutwa sikubaliani nako hata kidogo, maana saa asizovaa ni saa anazokosa maneno. Kipande kikishamkaa vizuri, mvalishe wakati wa kula au kucheza. Akivua, mrudishie bila ukali.

Kuhusu ishara, mwambie bibi kwa heshima kwamba hazimzuii mtoto kusema. Kinachomrudisha nyuma ni kukaa miaka hii bila lugha anayoipata vizuri. Anzeni na maji, chakula, njoo, inauma. Tabora kuna shule ya viziwi tangu 1963, na viziwi watu wazima mlio nao hapo Kigoma watawafundisha Lugha ya Alama ya Tanzania vizuri tu. Bibi awepo kwenye mafunzo hayo, hasa kama ndiye anayeshinda na mtoto.